Mgeni wa Mama Hettie

Dada yangu mkubwa, yaya Felisite,

Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua siku hizi unashinda umesimama. Mguu unaendeleaje? Ule uvimbe umepungua? Na Pascaline wangu, bado anakohoa asubuhi? Didi anakusikiliza, au amekwisha kuota mapembe? Wenye malori waliofika Joburg wanasema maji ya bomba kwetu yanakuja mara mojamoja, na mitambo ya usine ya Shituru imenyamaza hata muntu anasikia jogoo wa jirani saa sita mchana. Sijui niamini nini. Uniandikie ukweli, hata ukiwa mchungu.

Mimi niko muzima. Nilikonda, halafu nikanenepa tena, utaona kwa nini. Na ukiona naandika Kiswahili cha shule, usinicheke. Kalamu yangu ikigusa karatasi tu, inakumbuka fimbo ya masista.

Nilikuandikia kwamba biashara ya malakiti, haya mawe yetu ya kijani, imekuwa ngumu kule Joburg. Kila kona kuna muntu wa kwetu ametandika kitambaa chini, amepanga mayai ya malakiti, vitembo na shanga. Wote tumenunua kwa wachongaji walewale wa Likasi, kwa hiyo mteja akipita anaona kama duka moja refu. Mama mmoja wa Lubumbashi tuliyekaa naye chumba kimoja akaniambia, "Georgette, teremuka ku bahari. Kule bazungu banapumzika, na muntu mwenye kupumzika anaangalia vitu." Nikafunga sanduku langu, nikapanda basi.

Basi likanishusha mchana katika mji mdogo wenye barabara moja, kituo kimoja cha mafuta, na upepo. Upepo ule, yaya! Kitenge changu kilitaka kurudi Likasi bila mimi. Hoteli ya kwanza wakaniangalia mimi, wakaangalia sanduku, wakasema imejaa. Ya pili nayo ilikuwa imejaa, ingawa funguo zote zilikuwa zinaning'inia ukutani nyuma ya msichana wa mapokezi. Mzee wa kituo cha mafuta akanihurumia. Akanionyesha kwa kidole, akasema niende mpaka mwisho wa barabara, kwenye nyumba ya njano. "Yule mama hafukuzi muntu," akasema.

Nilipoiona nyumba nilidhani ni ya seremala. Mbao zilikuwa zimeegemezwa ukutani, ndefu kuliko muntu, zimechongwa ncha kama ulimi, nyekundu, nyeupe, bluu. Na kwenye kamba ya nguo kulikuwa na watu weusi wasio na vichwa, wananing'inia wakidondosha maji. Nikapiga ishara ya msalaba. Kumbe ni nguo za mpira, wanavaa baharini kwa sababu maji ya huku ni baridi kama ya kisima. Na zile mbao ni za kusimama juu ya mawimbi. Muntu analala kifudifudi juu ya ubao, anapiga maji kwa mikono mpaka mbali kabisa, anangoja. Wimbi likija anasimama wima juu yake, nalo linamleta mpaka mchangani. Halafu anageuka, anaanza upya. Kutwa nzima. Hakuna samaki hata mmoja anayeletwa, yaya. Nimeuliza.

Mwenye nyumba anaitwa Mama Hettie. Ni mzungu, mjane, amepita miaka sitini. Alinifungulia mlango akiwa miguu mitupu, nywele nyeupe zinadondosha maji, maana na yeye alikuwa ametoka kwenye mawimbi. Mwanamke wa umri wa mama yetu! Kiingereza changu unakijua, ni cha kuuzia tu, lakini tulielewana.

"Una pasipoti?"

"Ninayo."

"Una shuka?"

"Nina kitenge."

"Kinatosha," akasema, akashika sanduku langu anisaidie. Akalinyanyua, akalirudisha chini, akaniuliza kama nimehama na mlima wetu. Tukalibeba wawili, tukicheka, na ndiyo mara ya kwanza nilicheka tangu mpaka wa Kasumbalesa.

Hosteli hii ni ya watu wasio na pesa nyingi, lakini usidhani ni maskini. Wengine ni walimu, mmoja ni daktari wa meno. Wamekusanya kidogokidogo mwaka mzima ili waje kulala kwenye vitanda vya ghorofa na kula tambi. Chumba kikubwa kina vitanda kumi, wanaume na wanawake pamoja, kila mmoja anakoroma kwa lugha ya kwao. Hiyo usimwambie Padri. Mimi niliwekwa chumba kidogo cha wanawake, vitanda vinne. Juu yangu analala Sylvie, binti wa kisiwa cha Réunion, na huyo ndiye aliyeniokoa kwa maana anasema Kifaransa. Siku ile ya kwanza alichungulia kutoka juu, kichwa chini miguu juu, akasema "Bonjour, madame," na mimi nikataka kulia kwa kusikia tu lugha ninayoijua.

Acha nikuambie desturi za nyumba hii. Kila muntu anaosha sahani yake, hata yule daktari. Nje kuna bomba la kuoshea miguu, na ole wako ukiingia na mchanga, Mama Hettie atakupa ufagio bila neno. Kila asubuhi anaandika kwa chaki kwenye ubao wa jikoni upepo unatoka wapi na mawimbi yana urefu gani, na wote wanasimama mbele yake na vikombe vya kahawa, kimya, kama sisi tulivyokuwa tunasimama kusoma majina ya waliofaulu mtihani. Nilidhani huenda ni dini.

Lakini kilichonishangaza kuliko vyote ni rafu ya chakula. Iko wazi jikoni, haina mlango wala kufuli. Unaandika jina lako kwenye karatasi, unalibandika kwenye mfuko wako, unaondoka. Siku ya kwanza nilificha unga wangu chini ya mto. Sylvie akacheka mpaka kitanda kikatikisika. Nikauweka kwenye rafu, nikaandika GEORGETTE kwa herufi kubwa, nikarudi kuuangalia mara tatu kabla ya jua kuzama. Yaya, weye unakumbuka jinsi tulivyokuwa tunafunga hata sufuria kwa mnyororo baada ya uporaji. Hapa unga haukupungua hata kijiko. Kuna asubuhi moja nikakuta pembeni yake maparachichi mawili na karatasi: "Kwa Georgette." Mpaka leo sijui aliyeyaweka.

Na chakula chenyewe! Kuna Nomsa, mama wa hapahapa, anapika na kufanya usafi. Alinipikia ugali wao wa mahindi nikauonja, nikamwambia kwa heshima kwamba haujaiva. Akaweka mikono kiunoni. "Haya, songa weye." Nikasonga bukari ya kwetu, ngumu, ya kusimama. Nikapika majani ya maboga na karanga badala ya sombe ya mihogo. Wale wageni wakaketi chini kwenye veranda, wakala kwa mikono, bukari mpaka kwenye viwiko, na Nomsa akamaliza sahani yake bila kuniangalia usoni. Tangu siku hiyo jiko ni letu wawili. Ndiyo maana nimenenepa.

Si kwamba kila kitu ni kitamu. Wiki mbili za mwanzo nilitembea mchangani na sinia kichwani, upepo ukinipiga mchanga machoni, na polisi mmoja aliniuliza karatasi zangu asubuhi na jioni kana kwamba saa sita mchana ningeweza kubadilika kuwa muntu mwingine. Kuna siku sikuuza hata ushanga, nikaketi nyuma ya mwamba nikawaza watoto. Mama Hettie ndiye aliyetoa meza kutoka chumbani mwake, akaiweka kwenye veranda yake, akasema, "Uzia hapa. Watu watakuja wenyewe." Nao wakaja. Yeye mwenyewe alichukua yai moja la malakiti, analiweka mfukoni mwa koti lake, analishika akiwa anasoma upepo.

Sasa nikuambie jambo ambalo hutaliamini. Niliingia baharini.

Mama Hettie alinisumbua siku nyingi. "Georgette, unakaa mbele ya maji kama muntu aliyekuja mazishi." Nikamwambia kwetu maji ya kuogopa ni ya mto wa Lufira, yana mamba. Akasema hapa mamba hakuna. Hakusema kitu juu ya papa, na mimi kwa bahati sikujua. Nomsa alisimama mchangani ameshika kitenge changu, akiomba Mungu kwa sauti ili nisikie vizuri. Nilivaa nguo ya mpira, ikanibana kila mahali, nikajiona kama soseji. Tukaenda mpaka maji ya kiuno. Akanilaza juu ya ubao mrefu, akaniambia nisisimame, nilale tu, nishike kando. Wimbi la kwanza lilinimeza. Nilikunywa chumvi, nikagonga goti chini, nikatoka natafuta Mungu na Kifaransa. Nikamwambia basi. Akaniambia, "Moja tena." Sijui kwa nini nilimsikiliza.

Wimbi la pili lilininyanyua. Halikunipiga, yaya, lilininyanyua, kama baba alivyokuwa anatunyanyua kwa makwapa tukiwa wadogo, na likanipeleka. Nilikwenda mbio nimelala, pua mbele, napiga kelele, mpaka ubao ukagusa mchanga miguuni pa Nomsa. Nikageuka nikaona wote walioko majini wameinua mikono, wananishangilia, watu nisiowajua. Tangu baba wa watoto atutoke, nimebeba, nimesukuma, nimevuta. Siku ile kitu fulani kilinibeba mimi. Nilirudi mara nne. Mama Hettie ndiye aliyechoka.

Nimeandika haya yote ya furaha kwanza kwa sababu ninaogopa yanayofuata. Lakini lazima.

Mwezi uliopita mvua ilinyesha siku tisa. Wageni waliondoka mmojammoja, dari ya chumba kikubwa ikaanza kuvuja juu ya vitanda vitatu, na Mama Hettie akawa anaweka ndoo. Jumamosi wakaja wanaume watano na gari kubwa, walikuwa wamepiga simu mapema, walitaka kukaa majuma mawili. Nilimwona anavyopumua kwa nafuu. Alikwisha kuongea na fundi wa dari.

Mimi nilikuwa kwenye veranda, nafuta mawe yangu. Mkubwa wao akanitazama, akatazama meza, akamwuliza Mama Hettie kitu kwa Kiafrikana. Mimi sikuelewa, lakini Nomsa jikoni aliacha kuosha sahani. Mama Hettie akajibu kwa Kiingereza: "Anakaa hapa." Basi na yule akageukia Kiingereza, ili na mimi nipate. Akasema hawezi kulala nyumba moja na hawa watu wa kutoka huko juu. Akasema wamejaa kila mahali, warudi kwao.

Mimi nilianza kukusanya mayai yangu kwenye sanduku. Ndivyo mikono yangu ilivyofanya yenyewe. Sikuona hata ajabu. Sylvie akatoka ndani, nguo ya mpira imemning'inia kiunoni, akaketi kwenye benchi langu, bega kwa bega, maji yake yakiloanisha kitenge changu. Na Mama Hettie, ambaye kimo chake kinamfikia yule bwana kifuani, akasema:

"Huyu ni mgeni wangu. Ninyi bado hamjawa."

Akaingia ndani, akaleta pesa waliyotanguliza, akamtilia mkononi, akasimama mlangoni mpaka gari likaondoka. Halafu akaenda kumwaga ndoo, maana zilikuwa zimejaa.

Nikashuka mpaka mchangani, nikalia kama mutoto. Sylvie akanifuata. Akaniambia, "Achana nao, ni wapumbavu." Nikamwambia silii kwa ajili yao. Namlilia mwanamke mmoja wa Likasi.

Yaya, unajua ni nani. Hatujamtaja kati yetu tangu mwaka ule. Mama Bibiane, wa nyumba ya pili. Alizaliwa palepale Shituru, kosa lake ni kwamba babu yake aliletwa kutoka Kasai kujenga reli. Usiku wa kujifungua Pascaline ni yeye aliyenishika mgongo mpaka asubuhi, weye ulikuwa Kolwezi. Na siku vijana walipopita kambi yetu ya usine kufukuza watu wa Kasai, wakiimba "barudi kwabo," alikuja dirishani kwetu. Nilisikia kila neno. "Georgette! Fungula! Minye naweza kwenda, nifichie tu batoto!" Tulikuwa nyuma ya pazia, weye na mimi. Ulinishika mkono, ukaniambia ninyamaze, watatuchomea nyumba. Sikulaumu, yaya. Mkono ulionishika ni wako, lakini mdomo ulikuwa wangu. Aliita mara tatu. Halafu akaacha kuita.

Na baadaye, majuma yote yale walipolala kule gare, kwenye stesheni, chini ya mashuka na mabati, wakingoja treni ya kuwapeleka mahali ambapo wengi hawajawahi kupaona, mimi nilipita pale na beseni la mikate kichwani. Nilimwona. Alikuwa anamnyoa mtoto wake wa mwisho kwa wembe, ameketi juu ya cherehani yake. Nikageuza uso. Nilijiambia mimi ni mjane, nina watoto wawili, ningefanya nini? Na ni kweli, pengine ningeuawa. Lakini kugeuza uso hakuna aliyenilazimisha.

Sylvie alisikiliza yote. Akauliza, "Amekufa?"

"Hapana. Kule Joburg dada mmoja aliyekulia Likasi aliniambia yuko Mwene-Ditu, kule Kasai, anashona nguo karibu na soko."

"Ukasema nini?"

"Nikabadilisha mazungumzo."

Hakunihukumu, na hakunifariji pia. Alisema tu, "Kwa hiyo unajua alipo." Akaondoka akaniacha na hilo.

Jioni ile nilimsaidia Mama Hettie kuhamisha magodoro yaliyoloana. Nikamwomba msamaha kwa ajili ya dari. Akaniangalia kama nimesema Kichina. "Dari ni dari," akasema. "Shika upande ule." Yaya, nilitegemea aniambie maneno makubwa, niyaweke moyoni. Hana maneno hayo. Alifanya alichofanya, akarudi kwenye magodoro. Nikaelewa kwamba labda wakati ule kwetu kulikuwa na watu kama yeye pia, waliofungua milango na hawakusema. Nasi hatukuwa kati yao.

Basi nimeamua, na sikuombi ruhusa, nakujulisha tu. Sitakuwa nyumbani Pasaka kama nilivyoahidi. Mawe yaliyobaki yakiisha nitapanda mpaka Lubumbashi, na kutoka pale nitachukua treni ya Mwene-Ditu, hata ikitembea majuma matatu kama wanavyosema. Sijui nitamwambia nini Mama Bibiane. Anaweza kunifungia mlango, na nitakaa nje, najua ni haki yake. Nimemshonea kifuko, ndani nimeweka mkufu wa malakiti ya Kamatanda, ule mzuri ambao Sylvie aliutaka nikakataa kumwuzia. Si malipo. Ni kwamba siwezi kufika mikono mitupu.

Wasalimie wote. Msalimie baba mkubwa, umwambie apunguze kwenda Kakontwe kupasua mawe kwa umri ule, na kwamba hapa nimeona mzee kama yeye anayecheza majini, lakini asije akapata wazo. Msalimie shemeji yetu fundi wa baiskeli, na mama mkwe wangu, umwambie dawa ya macho nimeipata. Didi umwambie ajifunze kuosha sahani yake mwenyewe, daktari wa meno anaosha. Pascaline umbusu. Na yule bwana anayekaa sasa katika nyumba ya pili, msalimie vilevile. Yeye aliikuta tupu.

Treni ya Mwene-Ditu inapita Likasi. Nikiijua siku ya kusafiri nitatuma neno kwa wenye malori, nawe uulize gare kila asubuhi, maana saa ya treni haijulikani. Nitakuwa dirishani. Sitateremka, nikiteremka nitaona nyumba yetu na nitakosa nguvu. Uniletee watoto niwashike mikono. Na weye, yaya, siku hiyo uje umevaa viatu vya safari, watoto umeshawaachia mama mkwe. Pembeni yangu nitakuwa nimeweka sanduku juu ya kiti, na nitawaambia watu wote kwamba kiti hicho kina mwenyewe.

Mdogo wako,
Georgette